Mhasibu, garasa na dola milioni 2.5

Chris Moneymaker hakutaka kwenda Las Vegas. Ndoto yake siku ile ya mwaka 2003, akiwa Tennessee mbele ya kompyuta, ilikuwa ndogo kuliko inavyosimuliwa siku hizi: alitaka kushika nafasi ya nne. Alikuwa amelipa dola 86 kuingia kwenye shindano dogo la poka katika mtandao wa PokerStars, akashinda, akapandishwa kwenye mchujo uliofuata. Huko wa juu walipewa kiti kwenye mashindano makuu ya dunia, kiti cha dola 10,000 ambacho huwezi kukiuza wala kulipia kodi ya nyumba. Wa nne alipewa dola 8,000 taslimu. Moneymaker alikuwa mhasibu wa miaka 27, ana mke, ana mtoto mchanga, ana madeni. Akapiga hesabu zake za kihasibu na kuona kwamba 8,000 za mkononi zinamfaa zaidi. Rafiki yake ndiye aliyemng'ang'aniza acheze mpaka juu, kwa ahadi ya kununua sehemu ya ushindi wake kama utapatikana. Baba yake naye alinunua sehemu. Hivyo ndivyo alivyokwenda Las Vegas, akiwa ameuza kipande kikubwa cha ndoto kabla hata ya kuiota.

Jina la Moneymaker, maana yake mtengeneza fedha, ni la ukoo wake, hakujipachika. Na hizo dola 86 kwa miaka mingi ziliandikwa kuwa 39 au 40, mpaka zikasahihishwa. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha hadithi yenyewe inakoelekea kila inaposimuliwa: dau linazidi kupungua, zawadi inazidi kung'aa.

Ukweli wenyewe unatosha. Mei 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe, watu 839 walikaa mezani, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000. Kwa Moneymaker yalikuwa mashindano yake ya kwanza ya kukaa ana kwa ana na watu. Siku tano baadaye alikuwa bingwa wa dunia, mwenye dola milioni 2.5. Tangu hapo kila mchezaji wa ridhaa mwenye ndoto ya poka anamtaja yeye, na wanaomtaja wamegawanyika pande mbili. Kuna wasemao mchezo ni bahati tupu, hivyo hata mimi naweza. Kuna wasemao kijana alikuwa na kipaji kilichojificha, hivyo huenda hata mimi ninacho. Nadhani wote wamekosa jambo lenyewe, na ili kuliona inabidi kwanza tukae mezani.

Poka inayochezwa huko inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa karata tano katikati ya meza, tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo ni za wote. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Kabla ya karata za katikati kufunuliwa, na kila baada ya kufunuliwa, watu wanaweka dau kwa chipu, vipande vinavyosimama badala ya fedha. Ukipandishiwa una njia tatu: ulipie, upandishe zaidi, au utupe karata zako na kuliaga fungu, yaani dau zote zilizokusanyika mezani, pamoja na ulichokwisha kuweka.

Aliyekulia kwenye albastini au wahedi wa sitini barazani ataona tofauti moja mapema. Kwetu karata ina nguvu yake. Turufu ni turufu, garasa ni garasa, na ukipewa magarasa matupu kazi yako ni kupunguza aibu. Kwenye poka wenzako wote wakitupa karata zao, fungu ni lako, na hakuna atakayeona ulichokuwa umeshika. Kwa hiyo garasa lina thamani ya kile unachowafanya wengine waamini. Kuzuga kwenye mchezo huu ni nusu ya kazi, na anayezuga kila mara hufilisika sawa na asiyezuga kamwe.

Sasa tuyaangalie magarasa ya Moneymaker. Mara ya kwanza bahati ilipomwokoa, alikuwa na nane mbili mkononi huku Humberto Brenes, mchezaji wa kulipwa kutoka Costa Rica, ameshika ree mbili. Karata mbili tu katika kasha zima, yaani nane mbili zilizobaki, ndizo zilizoweza kumwokoa. Moja ikafunuliwa. Mara ya pili walikuwa wamebaki watu kumi, na wa kumi akitoka, tisa wanaingia meza ya mwisho. Moneymaker ana ree na malkia, Phil Ivey ana tisa mbili. Katikati zikatoka malkia wawili na sita: Moneymaker ana malkia watatu, anaongoza. Karata ya nne ikawa tisa, na Ivey akawa na tisa tatu juu ya jozi ya malkia, mkono mzito sana. Hapo zimebaki karata 44 zisizojulikana, na zinazomfaa Moneymaker ni saba: malkia mmoja, ree tatu, sita tatu. Hiyo ni asilimia 16. Karata ya tano ikawa ree. Ivey, ambaye wengi watakuambia ndiye mchezaji bora wa kizazi chake, akasimama na kuondoka.

Ukiishia hapo, wale wa bahati tupu wamekushika. Lakini kuna mkono wa tatu, yaani mgao wa tatu wa karata.

Walibaki wawili. Upande wa pili alikaa Sammy Farha, mzaliwa wa Beirut, mchezaji wa kulipwa mwenye sigara isiyowashwa mdomoni. Mezani palifunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza, kisha nane ya shupaza. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, mkono ambao haujawa kitu bado. Akipata shupaza nyingine anakuwa na tano za rangi moja. Akipata tano au kumi anakuwa na karata tano zinazofuatana. Farha akaweka dau, Moneymaker akapandisha, Farha akalipia. Karata ya mwisho ikawa tatu ya kopa. Si shupaza, si tano, si kumi. Mhasibu ameshika garasa mbele ya mtu mwenye jozi, katika fungu kubwa, akiwa bega kwa bega na dola milioni mbili na nusu.

Akasukuma chipu zake zote katikati.

Farha alifikiri kwa muda mrefu. Alisema hata kwa sauti kwamba huenda mwenzake alikuwa akisubiri rangi na haikuja, na ndivyo ilivyokuwa. Akaisoma karata sawasawa, kisha akatupa jozi iliyokuwa inashinda. Muda mfupi baadaye mashindano yaliisha, Moneymaker akiwa na tano na nne, Farha akiwa na ghulamu na kumi.

Kwa nini alitupa? Watu husema ujasiri wa Moneymaker. Mimi naona vitu viwili vya kawaida zaidi. Kwanza, uzugaji ule ulikuwa na hadithi inayoshikamana: shupaza ya tatu imetoka, mtu anapandisha, kisha anaweka zote, ndivyo angefanya mwenye rangi kweli. Pili, aliyekuwa anazuga ni mhasibu kutoka Tennessee. Mchezaji wa ridhaa kwenye mashindano yake ya kwanza anatarajiwa kuogopa, kusubiri karata nzuri, kulinda kidogo alichonacho. Akiweka zote unamwamini. Ugeni wake ulikuwa karata ya tatu mkononi. Na kumbuka kwamba kwenye mashindano ukiishiwa chipu huendi mfukoni kuchukua nyingine. Farha angelipia akakosea, safari ingeishia pale pale.

Kwa hiyo bahati ipo na ufundi upo, jambo ambalo kila mtu hukubali kwa kichwa kisha akaendelea kufikiri kama zamani. Tuweke namba ili lisiteleze.

Kila mtu alianza na chipu 10,000, na zote pamoja zilikuwa 8,390,000. Kutoka moja kwenda nyingine unahitaji kuzifanya maradufu karibu mara kumi. Chukulia kwa kurahisisha kwamba kila maradufu ni mpambano mmoja. Anayecheza kwa kiwango cha kawaida anashinda kila mpambano kwa asilimia 50, na nafasi yake ya kushinda kumi mfululizo ni kama moja kwa elfu moja. Sasa mpe fundi mkubwa asilimia 60 kila mara, na hiyo ni tofauti kubwa sana kwenye mchezo huu. Nafasi yake inakuwa sita kwa elfu. Amemzidi wa kawaida mara sita, na bado kati ya mashindano 165 ya namna hiyo anatarajiwa kushinda moja. Mashindano makuu huchezwa mara moja kwa mwaka. Fanya hesabu ya umri mwenyewe.

Ndiyo maana mabingwa wa zamani walirudia na wa sasa hawarudii. Doyle Brunson alishinda 1976 na 1977, miaka ambayo mezani palikuwa na watu 22 na 34. Johnny Chan alishinda 1987 na 1988. Stu Ungar alichukua mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997. Mnamo 2024 waliingia 10,112, na tangu mwaka wa Moneymaker hakuna aliyelichukua taji hilo mara mbili. Ufundi haujapungua, tena umeongezeka mno. Kilichobadilika ni idadi ya maradufu: kwa watu 34 ni kama tano, kwa watu elfu kumi ni zaidi ya 13.

Katika watu 839 lazima mmoja ashinde. Hilo ni wazi mpaka linachosha, ila ndilo tunalolisahau tukisikiliza hadithi. Yeyote ambaye angeshinda angekuwa na mkono wake wa Brenes na mkono wake wa Ivey, maana huwezi kupita maradufu kumi bila kuokolewa mahali fulani. Wale walioshika nane mbili mbele ya ree mbili na nane isitoke walirudi hotelini, na majina yao hatuyajui.

Ikiwa hivyo, ufundi unaonekana wapi? Kwenye wingi. Mnamo 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Tuomas Sandholm na Noam Brown, waliiketisha programu yao iitwayo Libratus na wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja dhidi ya mashine. Walicheza mikono 120,000 kwa siku 20. Tena karata zilipangwa kwa jozi, kiasi kwamba mikono aliyopewa binadamu kwenye meza moja ilipewa mashine kwenye meza nyingine, ili bahati ijifute. Mashine ilishinda kwa tofauti kubwa. Nakusihi uangalie ile namba, 120,000. Mchezo ulipangwa kwa makusudi kupunguza bahati, na bado walitaka mikono yote hiyo ili waseme kwa uhakika nani mkali. Kwenye meza ya kasino yenye mgawaji hai unapata kama mikono 30 kwa saa. Mikono 120,000 ni saa 4,000 za kukaa, siku 500 za kazi ya saa nane. Mchezaji wa ridhaa anayecheza Jumamosi hatafika huko. Ataishi maisha yake yote ndani ya ukungu, mahali ambapo ushindi wa mwezi mmoja unaonekana kama kipaji na hasara ya miezi sita inaonekana kama mkosi wa kupita.

Ukungu huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana kuna watu wanaokula humo.

Wasomaji wengi wa huku wanajua mkeka. Unachagua mechi, kampuni imekwisha kupanga viwango vyake kwa namna ya kujilinda, na mkeka ukichanika fedha imekwenda kwa kampuni. Poka haiko hivyo. Nyumba haichezi, inakata chake na kusimama pembeni. Mwaka 2003 kiingilio cha wote kilikuwa dola 8,390,000 na zawadi zilizolipwa ni 7,802,700. Asilimia saba ilibaki, na nyingine zote zilitoka mifukoni mwa waliokaa na kuingia mifukoni mwa waliokaa. Mchezaji wa kulipwa hana mwajiri wala mshahara. Anakula kwa sababu kuna mtu mezani anayecheza vibaya kuliko yeye na yuko tayari kurudi.

Neno ni hilo la kurudi. Mpeleke mtu wa kawaida acheze sataranji na bingwa kwa dola mia. Atapigwa, akirudia atapigwa, na mara ya tatu hatakuja. Sataranji haina huruma kiasi hicho, ndiyo sababu hakuna anayeishi kwa kuwakamua wasiojua kuicheza. Poka inamwachia mgeni ashinde usiku mmoja, wakati mwingine wiki nzima, na mara moja moja, mbele ya kamera, mashindano ya dunia. Kila bahati inayomkera fundi ndiyo inayomletea mteja. Ree iliyomtoa Ivey ilimwuma, sina shaka, lakini kama tangazo la biashara haikuwa na bei.

Na lilikuwa tangazo kweli. Kwa miaka mingi poka kwenye televisheni ilikuwa kama kutazama watu wakisubiri basi. Huoni karata, unaona nyuso. Aliyebadilisha hilo ni Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto. Katika miaka ya 1990 alisajili hati miliki ya meza yenye kamera za kuonyesha karata za siri. Mtazamaji akawa anajua kila kitu. Anajua Farha ana jozi, anajua Moneymaker ana garasa, na anapiga kelele sebuleni: lipia! Nyumbani mchezo ukaonekana mwepesi, kwa sababu ugumu wake wote ni kile hasa ambacho kamera imekwisha kukuonyesha. Tena mhariri alikata siku tano zikawa saa chache, na aliyokata ni ile mikono mia kwa mia ambayo mtu anapewa, anaitazama, anaitupa, anasubiri. Kazi yenyewe, kwa maneno mengine.

Televisheni ya michezo ya ESPN ilirusha na kurudia vipindi vile vya 2003. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576. Mwaka 2005 wakawa 5,619, na 2006 wakafika 8,773, bingwa akiondoka na dola milioni 12. Baadaye sheria ya Marekani ya 2006 ikabana malipo ya kamari za mtandaoni, na tarehe 15 Aprili 2011 mitandao mikubwa ya poka ikafungiwa milango nchini humo. Kwa wengi ngazi ya dola 86 ilikatwa ghafla.

Hiyo ngazi inastahili neno, kwa sababu ndiyo sehemu ya ndoto inayoeleweka vibaya zaidi. Kiti cha 10,000 hakikuangushwa na mbingu. Ukigawa 10,000 kwa 86 unapata kama 116. Yaani kwa kila aliyepanda kwa dola 86 kuna thamani ya viingilio vya watu zaidi ya mia moja ambao hawakupanda. Sioni ubaya wowote hapo. Mtu mwenye 86 za kupoteza, anayejua kwamba karibu hakika atazipoteza, amenunua burudani kwa bei inayojulikana, na wapo wanaotumia zaidi kwa chakula cha jioni. Tatizo huanza anapoanza kuzihesabu zile 86 kuwa mtaji, akasema akirudia mara mia lazima moja iingie. Mia mara 86 ni dola 8,600. Kwa mtu wa kipato chake, ile si tiketi tena.

Mhasibu wetu alilielewa hilo vizuri, na ndicho kitu ninachokipenda katika kisa chake kuliko ule uzugaji. Mara tatu alijaribu kuipunguza ndoto yake mwenyewe. Alitaka ile nafasi ya nne. Aliuza sehemu kwa baba na rafiki. Na walipobaki wawili, kabla ya kuanza, alimpendekezea Farha wagawane fedha. Wa kwanza angepata milioni 2.5, wa pili milioni 1.3, Moneymaker alikuwa na chipu nyingi zaidi na bado alikuwa tayari kugawana nusu kwa nusu. Kwa mtu asiye na nafasi ya pili, milioni 1.9 za uhakika zilikuwa hesabu safi. Farha alikataa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi, na fundi mbele ya mgeni hagawi, maana faida yake iko kwenye kucheza. Pengine alikuwa sahihi. Wangecheza fainali ile mara mia, huenda Farha angeshinda nyingi. Walicheza mara moja.

Mwaka 2004 Moneymaker alirudi akiwa bingwa mtetezi. Kazi ya uhasibu alikuwa ameiacha, na kiti safari hii hakikuhitaji mchujo. Hakufika hata kwenye nafasi za kulipwa. Milioni tano za mwaka ule alizichukua Greg Raymer, wakili wa hati miliki, mwingine aliyeingia kwa kupitia mchujo wa mtandaoni.